Swali la Pili Kwenye Kisima cha Mwethya

Kijana anayetufundisha Python kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa hapa Matiliku ana adabu, sina neno naye. Ananiita Mwalimu, ingawa siku hizi mwalimu ni yeye, na mara moja tu ndiyo aliwahi kuniuliza kama naona vizuri ubaoni. Darasani tuko watu kumi na mmoja, mwenye mvi ni mimi peke yangu. Mwanangu aliniambia, "Mum, hiyo ni maneno ya vijana, utachoka bure." Nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Jumamosi moja alikuwa akitufundisha masharti. Akaandika ubaoni if, halafu chini yake and, or na not. Akasema, "Mkiunganisha masharti mawili na and, kompyuta inaangalia lile la kwanza. Ikikuta ni uongo, haijisumbui na la pili. Hailiangalii kabisa. Inaokoa wakati." Vijana wakaandika. Mimi kalamu ilinisimama mkononi, na harufu ya mchanga mbichi ikanijia puani, ile ya mchanga uliotolewa chini sana, humo humo ukumbini kati ya viti vya plastiki.

Nikainua mkono. "Hata kama hilo la pili ni kweli?"

"Hata kama ni kweli, Mwalimu. Haina haja ya kufika huko."

"Na kama huko kwa la pili kuna mtu amefanya kazi siku ishirini na sita?"

Akacheka kidogo, akidhani natania. Sikuwa natania. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko huyo kijana.

Wacha niwaambie, nyinyi wa rika langu, mahali nilipojifunza if mimi. Hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, biro ya bluu, na ua wa miiba uliozunguka shimo mchangani.

Sisi ni watu wa upande wa Kyuso, mbali na soko, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yako chini, na ukiyataka unayafuata kwa jembe. Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano, mnaukumbuka, yale ya msaada yaliyonuka gunia hata baada ya kuchemka nusu siku. Wazee wakaona visima vya kila boma vimekauka, wakaita mwethya. Mwethya, kwa aliyezaliwa mjini, ni kazi ya pamoja: kila boma linatoa mtu, kila mtu na jembe lake na karai lake, na hakuna kulala hadi kazi iishe. Kazi ilikuwa kujenga ukuta wa mawe kukata mto, na nyuma ya ukuta kuchimba kisima kimoja kikubwa cha wote.

Mama yangu alienda siku ishirini na sita. Alibeba mawe mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mpaka ukamchora mstari ambao sabuni haikuutoa. Jioni nilikuwa nampaka mafuta hapo kwenye paji, naye alikuwa akifumba macho. Alikosa siku moja tu, siku ambayo mdogo wangu Kyalo alitapika tangu asubuhi. Alikuwa na miaka mitatu huyo Kyalo, na hakumjua baba kabisa.

Baba alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi nikiwa na miaka mitano. Nzuki, ndilo jina lake. Krismasi ya kwanza alikuja na mkate wa kukatwa na viatu vya plastiki vya kijani, vyangu. Akarudi. Barua zikaja tatu, halafu zikakatika. Wengine walisema ameoa huko. Wengine walisema amevuka mpaka. Mtu mmoja alikuja na habari kwamba amekufa, lakini alipobanwa akasema labda ni Nzuki mwingine. Mama aliyasikiliza yote hayo akiendelea na kazi aliyokuwa nayo mkononi.

Basi maji yakapatikana. Nilikuwepo. Jembe lilitoka na mchanga mweusi, halafu mchanga ukaanza kung'aa, halafu kukawa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Wanawake waliimba hadi sauti zikakauka. Na kesho yake asubuhi, maji yalipokuwa yametulia na kuwa safi, ikaletwa sheria.

Nataka mlishike hilo. Wakati wa kubeba mawe hakukuwa na sheria ya nani abebe.

Mwenyekiti wa kisima alikuwa Mzee Kitonga. Aliwahi kufanya kazi ya reli ujanani, kwa hiyo mambo makubwa aliyasema kwa Kiswahili, maana kwa Kikamba, alisema, sheria haina meno. Alisimama mbele ya mlango wa miiba akasoma: "Boma lenye mwanamume, na limefanya mwethya, litachota. Mjane, na amefanya mwethya, atachota. Wengine wote, hapana." Akarudia siku tatu mfululizo. Nilikuwa darasa la nne, nilikuwa mwepesi wa kukariri, na sheria ile niliishika kama mistari ya Jumapili.

Mzee hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa shingo upande. Watu walikuwa wameanza kuja na punda kutoka mbali, hata pande za Tseikuru, na kisima kimoja hakingetosha dunia nzima. Alitaka kila boma liwe na mtu wa kujibu kukitokea maneno. Hilo naelewa. Lakini mtu wa kujibu, kichwani mwake, alikuwa na suruali.

Asubuhi ya kwanza tulifika na mitungi miwili. Mlangoni alikaa katibu, kijana anayeitwa Musili, daftari magotini. Mzee Kitonga alikuwa kando yake kwenye kigoda. Musili akauliza, "Mwanamume wa boma ni nani?"

"Nzuki," mama akasema.

"Ako wapi?"

"Mombasa."

Musili akamtazama mzee. Mzee Kitonga akasema, "Wote wana watu Mombasa. Lakini watu wao wanaandika barua. Barua ya mwisho ilikuja lini?"

Mama akaweka mtungi wake chini.

"Basi hapo hakuna mwanamume. Wewe ni mjane?"

"Sijui."

"Mjane anajua. Uliona kaburi?"

"Hapana."

"Basi wewe si mjane. Rudi nyumbani, bibi ya Nzuki. Watu ni wengi."

Ndivyo ilivyokuwa. Si mwenye mume, si mjane. Wakati kijana wa Matiliku alipotueleza else, akasema ni mahali pa wale wote ambao hawakuingia popote pale juu, nilimwambia napajua, nimewahi kukaa huko.

Tukaanza kwenda kisima cha chumvi. Kilikuwa mbali: tulitoka kabla ya alfajiri, tukarudi jua likiwa utosini, na maji yenyewe yalifanya maharagwe yasiive na chai iwe na ladha ya msumari. Kyalo akaanza kuharisha. Mimi nikawa nafika shuleni watoto wengine wakitoka, halafu nikawa sifiki. Wiki ya pili mama akaniambia, akiwa amenipa mgongo, "Mwezi huu ukiisha hivi, utakaa nyumbani. Siwezi maji na mtoto mgonjwa peke yangu." Nilijua kukaa nyumbani kunaishia wapi. Wasichana wawili wa darasa letu walikaa nyumbani mwaka uliotangulia, na mmoja alikuwa tayari na mtoto wake mwenyewe.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto wa miaka kumi. Nilikaa na ile sheria kichwani nikiwa natembea na mtungi, na niliipindua kila upande. Mlango wa kwanza: mwanamume. Hatuna, na siwezi kumleta. Mlango wa pili: mjane. Mama hakuwa mjane kwa sababu moja tu, kwamba baba hajafa. Lakini akifa? Basi mama anaingia. Mwethya amefanya, hilo halina ubishi. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja kidogo. Nilihisi kama nimepata jibu la hesabu ambalo darasa zima limeshindwa, na niliapa sitamwambia mtu hadi nimelifikisha panapohusika.

Jumapili ilipofika, mchungaji alifanya kama kawaida yake: kabla ya mahubiri, watoto wenye maombi wasimame waseme. Kanisa letu lilikuwa la mabati, limejaa. Mzee Kitonga alikaa benchi la mbele na wazee wengine wa kanisa. Mtoto mmoja aliombea mvua. Mwingine aliombea ng'ombe wao. Nikasimama.

"Naomba Mungu amchukue baba yangu," nikasema.

Mchungaji akainamisha kichwa, akadhani amesikia vibaya. "Amrudishe, mtoto wangu?"

"Amchukue. Afe. Ili mama awe mjane, tuchote maji."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatiza. Baada ya hapo hapakusikika kitu isipokuwa mabati yakilia kwa jua. Nilisubiri mchungaji aseme amina, kwa sababu nilijua ombi bila amina halifiki, na niliona amina yenyewe haiji, nikakasirika naye pia. Kisha mkono wa mama ukanishika hapa juu ya kiwiko, tukatoka katikati ya watu wote, Kyalo mgongoni kwake, na hakuna aliyesogeza hata mguu.

Watu wameniambia maisha yangu yote kwamba lile ombi lilikuwa dhambi. Shangazi yangu mmoja alikufa akiwa bado hajanisamehe. Mimi siliombei msamaha, na sitaliombea. Walioweka sheria ambayo ndani yake mtoto anapata maji baba yake akifa ndio waliopaswa kusimama siku ile. Mimi niliisoma tu kama ilivyoandikwa.

Lakini siku ile sikuwa jasiri hivyo. Nilijua fimbo inakuja, na niliitafuta kwa macho kwenye kila kichaka tulichopita. Mama hakukata fimbo. Tulipofika mbali na kanisa alisimama, akaketi juu ya jiwe, akamteremsha Kyalo.

"Nani alikuambia useme hivyo?"

"Sheria," nikasema.

"Hebu iseme yote."

Nikaisema. Mama hakujua kusoma, na siku zile tatu za kutangazwa alikuwa akiisikia katikati ya kelele. Akaniambia niirudie polepole. Nikarudia. Akanyoosha kidole cha kwanza. "Hapo wananiuliza mwanamume."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu wanakuuliza mwethya. Lakini hawajafika hapo, mwaitu. Ukianguka la kwanza, la pili hawaulizi."

"Na kwa mjane?"

"Pia. Kwanza mjane, halafu mwethya. Ukianguka mjane, hawafiki."

Nilimwona akigusa ule mstari kwenye paji lake. "Kwa hivyo," akasema, "hakuna mtu hata mmoja ameniuliza kama nilibeba mawe."

"Hakuna."

"Kesho hatuendi kisima cha chumvi. Utanisomea." Akamrudisha Kyalo mgongoni. Kisha, tukiwa tumeanza kutembea, akasema bila kunitazama, "Na usimwombee mtu afe kwa sababu ya Kitonga. Hana thamani hiyo." Hadi leo sijui alimaanisha nani hana thamani, Kitonga au baba, na sikumuuliza.

Jumatatu tulikuwa wa saba kwenye foleni. Habari za kanisani zilikuwa zimetutangulia, maana wanawake walituangalia na kuangalia chini. Zamu yetu ilipofika, Musili alianza, "Mwanamume wa boma," akaona ni nani, akaishia hapo.

"Leo niulize la pili," mama akasema.

Musili akageukia kigoda. Mzee Kitonga alikuwa ameyasikia. "Bibi ya Nzuki, tumemaliza hayo maneno. La kwanza likikataa, la pili halina kazi. Foleni ni ndefu."

"Mpe mtoto daftari asome boma letu. Kama hakuna kitu humo, nitaenda, na hutaniona tena hapa."

Mzee akacheka. Alikuwa na uhakika wake. "Mpe. Asome, wote wasikie."

Hapa lazima niwaeleze majina yalivyoitwa siku za mwethya. Hakuna mwanamke aliyeandikwa. Kila ukurasa ulikuwa wa boma, na boma ni jina la mwanamume, awepo asiwepo. Asubuhi Musili alisimama juu ya jiwe akaita jina la mume, na mwanamke aliyekuja akajibu "Yuko", na Musili akaweka tiki. Hata wale ambao waume zao walikuwa Nairobi au Mombasa au kilabuni, walijibu hivyo hivyo, yuko. Ilikuwa kawaida kabisa. Hakuna aliyewahi kuiona kama uongo, kwa sababu kila mtu alijua.

Nikafungua daftari. Nikapitiliza ukurasa, nikarudi. "Nzuki," nikasoma. "Siku ya kwanza, tiki. Siku ya pili, tiki. Siku ya tatu, tiki." Nilisoma zote, moja moja, kwa ile sauti tuliyofundishwa ya kusomea mbele ya mkaguzi. Siku ya kumi na tisa ilikuwa na sufuri, ya Kyalo kutapika, nikaisoma pia. "Jumla, siku ishirini na sita."

Mama akamgeukia Musili, si mzee. "Hizo tiki uliweka wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nzuki alikuwa hapa hizo siku, au hakuwa hapa?"

Musili akakuna shingo.

"Nakuuliza vizuri. Kama alikuwa hapa, basi boma langu lina mwanamume na amefanya mwethya, nifungulie. Kama hakuwa hapa, kuna mtu alibeba hayo mawe, na huyo mtu amesimama mbele yako na hajaulizwa. Hakuna la tatu. Chagua moja, unifungulie."

Nimefundisha watoto miaka mingi, na sasa nafundishwa mimi, na bado sijaona mtu akiyapanga masharti vizuri kuliko yule mwanamke asiyejua kushika kalamu. Alilichukua jambo na kinyume chake, akaweka or katikati, na pande zote mbili zikatokea kwenye maji.

Nyuma yetu kikongwe mmoja akasema, "Mimi nilimwona Nzuki. Alikuwa amevaa leso na kubeba mawe na mukwa." Foleni nzima ikacheka, hata Musili. Mzee Kitonga hakucheka. Aliondoa kofia, akaitazama ndani, akairudisha.

"Sawa," akasema. "Kitabu kimesema. Nzuki achote."

Musili akavuta tawi la miiba. Nilikuwa naona maji kutoka pale niliposimama. Nilikuwa na kiu ya wiki tatu, ya maji yasiyo na chumvi, na miguu yangu ilishaanza kwenda. Mama hakusogea.

"Sijasikia," akasema.

"Nimesema Nzuki achote. Mlango uko wazi."

"Nzuki hayuko hapa. Mpige mstari, uandike aliyechimba."

Nilimchukia dakika ile. Niseme ukweli wangu. Nilimvuta leso, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwaitu, amekubali, tuchote." Wanawake wa nyuma nao wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema wazi, "Umeshapewa, unataka nini tena? Tuna watoto." Kyalo alikuwa amelala mgongoni kwa mama, midomo imepasuka. Mama alikuwa na mlango wazi na kibali, na angeweza kuingia. Naamini kama angeingia siku hiyo, kesho yake wangemwuliza tena Nzuki ako wapi, na angejibu nini? Hilo nililielewa nikiwa mtu mzima. Siku ile niliona tu mama anakataa maji.

"Sheria haiandikwi upya kwa sababu ya mtu mmoja," mzee akasema.

"Sitaki uandike upya. Maneno ni yale yale. Anza na swali la pili. Muulize kila mtu alichimba au hakuchimba, kwanza. Anayesema nimechimba, aandikwe yeye aliyechimba. Halafu hayo mengine ukitaka uyaulize, tukiwa tayari na maji."

"Kuanza na hili au na lile ni kitu kimoja."

"Kama ni kitu kimoja, basi anza na hili."

Mzee Kitonga akajifuta uso. Sijui kama alishindwa na hoja au na jua. Sijui pia kama alikumbuka benchi la mbele na mabati yakilia. Alimfanyia Musili ishara kwa kidole, kama mtu anayefukuza nzi, na Musili akabonyeza biro, akapiga mstari juu ya Nzuki. Kisha akainua uso. "Jina lako ni nani, mama?"

Na hapo niligundua kwamba sijui. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wote. Majirani walimwita Mama Mwende, kwa jina langu. Kisimani alikuwa bibi ya Nzuki. Nilisimama pale nikisubiri kama wengine.

"Syokau," mama akasema.

Musili akaandika, akanigeuzia daftari nihakikishe herufi. Zilikuwa sawa. Yule mwanamke aliyenung'unika akasogea mbele, akaweka mtungi wake chini. "Na mimi uniandike. Mbithe. Usiandike yule mlevi." Wengine wakataka, wengine wakakataa, wengine wakasema waume zao watakasirika, na kazi ya kuandika ilikula asubuhi nzima. Tulichota jua likiwa juu kabisa. Niliingiza uso kwenye mtungi nikanywa hadi maji yakanitoka puani. Jumanne nilirudi shuleni.

Baba alirudi. Ndiyo, hakufa. Mvua ilishanyesha ikaisha, kiangazi kingine kikaja, na siku moja nikamwona mtu anashuka kile kilima na sanduku na redio isiyo na betri. Alikokuwa ni hadithi yake. Sikuisikia yote, na niliyoisikia sikuiamini. Nilipomwona anatembea na miguu yake miwili nililia, maana nilikuwa nimelibeba lile ombi peke yangu kwa mwaka mzima, na nilipomaliza kulia nikagundua bado nina hasira naye.

Siku ya tatu alichukua mtungi mwenyewe. Nadhani alitaka watu wamwone kuwa amerudi. Alivaa shati la Mombasa, akapiga mluzi hadi kwenye njia. Mama alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo, hakumwambia kitu.

Hakukawia. Alirudi na mtungi mtupu, akaugonga chini.

"Kile kijana kinaniuliza nimechimba siku ngapi," akasema. "Mimi. Nikamwambia jina langu. Akafungua daftari akanionyesha limepigwa mstari. Syokau, hili boma ni la nani?"

Mama akaweka ungo kando, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji kimejaa, akampa.

"Kunywa," akasema. "Wanasafisha kisima kesho, saa moja. Jembe liko nyuma ya nyumba."